Akronimu Zisizo za Kawaida katika Kiswahili: Herufi Zinapotafuta Silabi, Ngeli na Maana

Utangulizi

Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki kuna mabango yenye maneno mawili yanayoandamana: UKIMWI na VVU. La kwanza hutamkwa kama neno lolote la Kiswahili. La pili husomwa herufi moja moja, na mara nyingi herufi hizo hupewa majina ya Kiingereza. La kwanza limetokana na maelezo Upungufu wa Kinga Mwilini, nalo limeiacha nje a-unganifu wa. La pili limetokana na Virusi vya Ukimwi, nalo limeihesabu a-unganifu vya kama neno kamili lenye haki ya kutoa herufi yake. Kwa hiyo maneno mawili yanayohusu maradhi yale yale, yanayosomwa na mgonjwa yule yule, yameundwa kwa kanuni mbili tofauti.

Tofauti hii si ya kupuuzwa. Vitabu vingi vya sarufi humweleza mwanafunzi kwamba akronimu ni neno linaloundwa kwa kuunganisha herufi au silabi za mwanzo za maneno kadhaa, kisha humpa mifano miwili mitatu na kuendelea na mada nyingine. Fasili hiyo ni sahihi, ila haielezi ni kwa nini baadhi ya akronimu hupokewa na watu hadi zikasahaulika kuwa ni vifupisho, ilhali nyingine hubaki katika faili za ofisi. Makala haya yanachunguza akronimu zinazokiuka mazoea: zilizochanganya herufi na silabi, zilizobeba akronimu nyingine tumboni, zilizogongana na maneno ya kawaida, zilizoingia katika ngeli, na zile ambazo umma umezifasiri upya kwa mzaha. Hoja inayotetewa ni kwamba akronimu katika Kiswahili haitulii mpaka ipate mambo matatu: silabi zinazotamkika, ngeli ya kuongoza upatanisho, na maana ambayo msemaji anaweza kuifikia. Waundaji wasipoipa mambo hayo, wasemaji huitafutia wenyewe.

Mipaka ya dhana

Ni vyema kwanza kutenga dhana tatu ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni kifupisho cha herufi, ambacho husomwa herufi kwa herufi, kama vile JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) au KBC. Ya pili ni akronimu, ambayo husomwa kama neno moja: BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, ni mfano unaofahamika sana. Ya tatu ni uhulutishaji, ambapo vipande vya maneno huunganishwa kuunda leksimu mpya ya kawaida, kama chajio kutokana na chakula cha jioni na chamcha kutokana na chakula cha mchana.

Mpaka kati ya akronimu na uhulutishaji ni mwembamba katika Kiswahili kuliko katika Kiingereza. Sababu ni kwamba akronimu nyingi za Kiswahili huchota silabi badala ya herufi. Jina Tanzania lenyewe, lililotangazwa mwaka 1964, limezaliwa kwa kuunganisha vipande vya Tanganyika na Zanzibar. Mtaalamu mmoja anaweza kuliita zao la uhulutishaji na mwingine akaliweka karibu na akronimu, na wote wawili wakawa na hoja. Tofauti iliyo muhimu ni ya matumizi: chajio halielekezi kwenye jina rasmi lililoandikwa mahali fulani, ilhali BAKITA daima huelekeza kwenye jina kamili ambalo msemaji anaweza kulidai.

Herufi au silabi?

Kiswahili hupendelea silabi wazi, yaani silabi inayoishia kwa irabu. Hii ndiyo sababu JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) haliwezi kusomeka ila kwa kutaja herufi, wakati TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) husomwa bila kigugumizi hata na mtu asiyejua kirefu chake. Katika TAMISEMI kila neno kuu limetoa silabi yake ya kwanza: ta, mi, se, mi. Huu ndio muundo ulio safi kabisa, nao unapatikana pia katika TAKILUKI (Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni) ya Zanzibar na SHIHATA, lililokuwa Shirika la Habari Tanzania.

Hata hivyo, akronimu nyingi hazina usafi huo. TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichukua herufi moja kutoka taasisi, irabu moja kutoka uchunguzi, na silabi nzima kutoka Kiswahili. Taasisi hiyo ilipobadilika mwaka 2009 na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, akronimu iliyofuata, TATAKI, ilirejea kwenye muundo wa silabi tupu. Hivyo jina la awali lilikuwa la mseto na jina jipya likawa la silabi, ingawa kirefu cha yote mawili huanza na taasisi na kuishia na Kiswahili.

Mseto wa herufi na silabi huzaa jambo la kuvutia zaidi: silabi ambayo si mali ya neno lolote moja. Chukua CHAWAKAMA, Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili Afrika Mashariki. Silabi cha ni ya chama, wa ni ya wanafunzi, na ma ni ya Mashariki. Lakini ka ni ya nani? Konsonanti yake imetoka Kiswahili na irabu yake imetoka Afrika. Maneno mawili yamekutana na kuzaa silabi ya tatu. Hali ni hiyo hiyo katika BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ambapo k ya kuu imeungana na wa ya Waislamu kuunda kwa, silabi yenye kiyeyusho kama ile iliyomo katika neno kwao. Waliounda majina haya hawakufuata kanuni iliyoandikwa, walifuata sikio.

Sikio hilo hilo ndilo linaloamua hatima ya a-unganifu. Katika CHADEMA (Chama cha Demokrasia na Maendeleo) cha na na vimeachwa nje. Katika CCM (Chama Cha Mapinduzi), kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kutokana na muungano wa TANU na ASP, cha kimehesabiwa. Katika AZAKI, yaani asasi za kiraia, a-unganifu za umeingizwa mzima kwa sababu bila huo ingebaki aki, umbo fupi mno lisilokumbusha wingi wa asasi. A-unganifu basi ni kama kiungo cha chungu: huongezwa pale sauti inapokihitaji na huachwa pale inapojitosheleza.

Mfano ulio mgumu kuliko yote kuchanganua ni MKUKUTA, Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2005. Mchanganuzi wa kwanza atasema kwamba ku mbili ni silabi za kukuza na kupunguza, na kwamba uchumi na umaskini vimeachwa. Mchanganuzi wa pili atasema kwamba kila neno limetoa herufi yake: m, k, u, k, u, kisha ta ya Tanzania. Wote wawili wako sawa, kwa kuwa kitenzi-jina cha Kiswahili huanza kwa ku na nomino dhahania nyingi huanza kwa u. Mofolojia ya lugha yenyewe imefanya njia mbili zifike mlango mmoja. Tena, m ya mwanzo ni nazali inayosimama kama silabi, sawa na ile ya mtu. Nazali ya aina hiyo imo pia katika UMITASHUMTA, Umoja wa Michezo na Taaluma wa Shule za Msingi Tanzania, akronimu ndefu inayomtisha mgeni kwa macho lakini ambayo ulimi wa Mswahili huipita bila kujikwaa.

Akronimu ndani ya akronimu

Aina ya pili isiyo ya kawaida ni ile inayobeba akronimu nyingine. UVCCM ni Umoja wa Vijana wa CCM. Ili kuifungua, msomaji hana budi kufungua milango miwili. VVU inakwenda mbali zaidi. Katika UVCCM, CCM imebaki nzima na inaonekana. Katika VVU, akronimu UKIMWI imefinywa ikawa irabu moja tu, U, na irabu hiyo imebeba upungufu, kinga na mwili kwa pamoja. Hakuna mtu awezaye kuvifikia virusi hivyo kwa njia ya herufi hizo ila yule ambaye tayari anajua UKIMWI ni nini.

Cha kushangaza ni kwamba maneno hayo hayo yamefupishwa kwa njia nyingine katika WAVIU, akronimu itumikayo Tanzania kuwataja watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hapa virusi vimetoa silabi vi badala ya herufi v, na a-unganifu vya umetupwa. Matokeo ni neno linalotamkika, lenye kiambishi cha watu mwanzoni: WAVIU wamehudhuria, WAVIU wanashauriana. Kiambishi wa- kimetokana na neno watu, lakini masikioni hufanya kazi ile ile inayofanywa na wa- ya walimu au wazazi. Huyu aliyekuwa akitajwa kwa jina la kirusi chake sasa anatajwa kwanza kama mtu. VVU ni jina la kitu kinachoonekana kwa darubini. WAVIU ni jina la binadamu wenye majirani na watoto. Uundaji wa istilahi si kazi ya herufi tu.

Akronimu inapokutana na neno

Kwa kuwa akronimu za Kiswahili hupenda silabi wazi, na kwa kuwa maneno ya Kiswahili yameundwa kwa silabi hizo hizo, migongano haiepukiki. Mingine hukusudiwa. Bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968, linaitwa TAZAMA: Tanzania, Zambia, Mafuta. Majina ya nchi mbili na nomino moja ya Kiswahili yamezaa kitenzi cha amri. Reli inayoziunganisha nchi hizo hizo, TAZARA, imeundwa kwa maneno ya Kiingereza, nayo haina maana nyingine yoyote.

Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania kilijulikana kama UKUTA. Washairi walijenga ukuta wa kuihifadhi lugha, na jina likawa sitiari. Mwaka 2016 herufi hizo hizo zilichukuliwa na wanasiasa wa upinzani nchini humo kwa umoja wa kuupinga udikteta. Neno ni lile lile na sitiari ya ukinzani ni ile ile, lakini adui amebadilika. Miaka miwili kabla ya hapo, Umoja wa Katiba ya Wananchi ulikuwa umejiita UKAWA, umbo ambalo katika masimulizi ni kitenzi cha kawaida: ukawa.

Kenya nayo haikukosa. Muungano wa upinzani katika uchaguzi wa mwaka 2017, NASA, uliundwa kwa maneno ya Kiingereza na herufi zake ni zile zile za shirika la anga la Marekani. Hata hivyo, kwa msemaji wa Kiswahili nasa ni kushika kwa mtego. Vivyo hivyo, UDA kwa miongo mingi lilikuwa jina la mabasi ya Usafiri Dar es Salaam. Nchini Kenya UDA ni chama kilichoshinda uchaguzi wa urais wa mwaka 2022. Msomaji wa gazeti anayevuka mpaka wa Namanga hana budi kuvuka na muktadha wake.

Kuna pia akronimu ambazo si za Kiswahili kwa asili lakini zimevaa sura yake. KAMATUSA, iliyovuma katika siasa za Kenya miaka ya 1990, ilikusanya majina ya jamii nne: Kalenjin, Maasai, Turkana na Samburu. Silabi zake nne wazi zinaifanya itamkike kama neno lililozaliwa pwani. Rada ilianza kama akronimu ya Kiingereza yenye asili yake mwaka 1940 katika jeshi la wanamaji la Marekani. Kiswahili kiliondoa konsonanti ya mwisho na kuipokea kama nomino. Leo kijana wa Nairobi anayeuliza rada ni gani, au anayemwonya mwenzake akae rada, hana habari ya mawimbi ya redio wala meli za vita. Akronimu hiyo imekamilisha safari yake: imesahau kwao.

Akronimu inapoingia katika ngeli

Jambo la pili ambalo akronimu hulitafuta ni ngeli. Hapa ndipo wanafunzi hutofautiana na wahariri hukosana. Je, isemwe CHADEMA kimetangaza au CHADEMA imetangaza? BAKITA limesanifu au BAKITA imesanifu? Kuna njia mbili zinazotumika. Njia ya kwanza huifuata nomino kuu iliyofichika: chama ni cha KI-VI, baraza ni la LI-YA, kwa hiyo kimetangaza na limesanifu. Njia ya pili huichukulia akronimu kuwa jina la asasi na kuipa upatanisho wa I-ZI, bila kujali kilichofichika. Ndiyo maana Mkenya anayesema chama cha KANU kilitawala hadi mwaka 2002 anaweza kusema katika sentensi inayofuata kwamba KANU ilishindwa. Wakati akronimu imetokana na Kiingereza, kama KANU, njia ya pili ndiyo pekee iliyopo, kwa kuwa nomino kuu iliyofichika haina ngeli.

Akronimu zenye bahati ni zile ambazo umbo lake na nomino yake kuu hukubaliana. UKIMWI huanza na u, na upungufu pia ni wa u. Hakuna anayesitasita kusema UKIMWI umepungua. MKUKUTA huanza na m, na mkakati ni wa U-I; MKUKUTA umetekelezwa. Pengine hii ni sababu mojawapo ya majina haya kuzoeleka upesi: sarufi yake haimsumbui msemaji.

Kisa kinachofundisha zaidi kuliko vyote ni cha VICOBA. Hizi ni herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii za vijijini. Ni vikundi vya kuweka na kukopeshana, vinavyofanana na kile Mkenya anachokiita chama. Waundaji hawakukusudia Kiswahili. Lakini wanawake wa Tanzania waliposikia vikoba, walisikia wingi. Kama kuna vikoba, basi lazima kuwe na kikoba kimoja. Na kikoba ni neno lililokuwapo: ni mkoba mdogo, chombo cha kuwekea vitu vidogo vya thamani. Leo mwanachama husema kikoba chetu kinakutana, au ana vikoba viwili, na wengi wao huandika neno hilo kwa k. Herufi za Kiingereza zimepewa silabi, zikapewa umoja na wingi, zikapewa na maana ambayo, kwa kudra, inafaa kuliko ile ya asili. Hakuna kamati ya istilahi iliyoketi. Sarufi yenyewe ndiyo iliyoketi.

Mfano mwingine wa herufi kugeuka kipashio cha sarufi unatoka Kenya. M-Pesa, huduma iliyoanza mwezi Machi 2007, ina herufi M iliyofupisha neno la Kiingereza lenye maana ya simu ya mkononi, pamoja na nomino kamili ya Kiswahili. Baadaye M hiyo ilianza kuzaa: M-Shwari mwaka 2012, M-Akiba mwaka 2017. Herufi moja ya kifupisho sasa inatenda kazi kama kiambishi awali chenye maana yake. Ni akronimu iliyokatwa mkia, na inaendelea kuota.

Uradidi: kosa au ushahidi?

Wahariri wengi hukemea matumizi kama virusi vya VVU, mashine ya ATM na nambari ya PIN. Kwa hesabu ya herufi, lawama yao ni ya haki: virusi vya VVU ni virusi vya virusi vya UKIMWI. Hata hivyo, mwanaisimu hana budi kuuliza uradidi huu unatokana na nini. Sababu ya kwanza ni kwamba herufi zimekoma kusema. Msemaji hasikii tena virusi ndani ya VVU. Sababu ya pili ni ya kisarufi. Anayesema chama cha CHADEMA kimetangaza amelitatua kwa neno moja lile tatizo la upatanisho lililotajwa hapo juu. Nomino iliyorudiwa imekuja kama kitambulisho cha ngeli. Kwa hiyo uradidi, ingawa haupendezi katika maandishi rasmi, ni ushahidi kwamba msemaji anaitafutia akronimu mahali katika mfumo wa lugha yake.

Ufasiri mpya wa umma

Jambo la tatu ni maana, na hapa umma hauna subira. Kifupisho kisichofunguka hufunguliwa kwa nguvu. FFU ni kikosi cha polisi wa kutuliza ghasia nchini Tanzania, na kirefu chake ni cha Kiingereza. Wananchi walikipa kirefu cha Kiswahili: Fanya Fujo Uone. Kirefu hicho kinaonya, kinachekesha, na kinaeleza kazi ya kikosi hicho waziwazi kuliko kile rasmi. CCM nayo ilipata fasiri ya kejeli, Chukua Chako Mapema. Ufasiri huu hufuata masharti makali: idadi ya herufi haibadilishwi, mpangilio wake haubadilishwi, na maneno mapya lazima yaunde sentensi kamili. Ni utanzu mdogo wa fasihi simulizi, nao hustahili kukusanywa na wanafunzi kabla haujapotea.

Lakini si kila mzaha ni wa kuchekesha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na nchini Kenya mwaka 1984. Katika miaka hiyo ya mwanzo watu wa Kagera waliyaita maradhi hayo Juliana, jina la aina ya nguo iliyokuwa ikiuzwa wakati huo, na ng'ambo ya pili, Uganda, yaliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kisha likaja jina la kitaalamu la Kiingereza, AIDS. Herufi hizo nne hazikumwambia kitu msemaji wa Kiswahili, naye akazijaza: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Ni kauli ya mwanamume anayejigamba kwamba afadhali kifo kuliko kuacha wasichana wadogo. Herufi ngeni ziliacha nafasi tupu, na nafasi hiyo ikajazwa na majigambo.

Linganisha na UKIMWI. Neno hili halikutafsiri AIDS herufi kwa herufi. Liliacha dhana nyingine za Kiingereza na kutaja jambo moja: kinga ya mwili imepungua. Anayelifungua hupata maelezo ya ugonjwa. Kuna hata mjadala wa maana ndani yake, kwa kuwa wapo wanaolifungua kama Ukosefu wa Kinga Mwilini. Akronimu haibadiliki, lakini tiba inabadilika. Upungufu unaweza kuzuiwa usizidi. Ukosefu ni kutokuwa na kitu kabisa. Kwa mgonjwa anayemeza dawa zake kila siku na kuishi miaka mingi, neno upungufu ni la kweli na neno ukosefu ni hukumu. Mwalimu anayefundisha kirefu cha akronimu hii darasani anafundisha pia, apende asipende, mtazamo kuhusu uhai. Katika Kiswahili cha Kongo, kinachopakana na Kifaransa, neno litumikalo ni sida. Hilo nalo lina silabi mbili wazi na hutamkika bila shida, lakini halifunguki kwa Kiswahili.

Hali ya Kenya

Mifano mingi iliyotolewa imetoka Tanzania, na si kwa bahati. Nchini humo asasi nyingi za umma hupewa jina la Kiswahili kwanza, kisha akronimu. Hata huko si zote. TANESCO na NECTA ni za Kiingereza. Nchini Kenya mwelekeo ni wa kinyume. Tume na mamlaka huundwa kwa sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, na kifupisho huzaliwa humo. Gazeti la Kiswahili huandika Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, kisha katika mabano huweka IEBC. Huandika Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, kisha EACC. Baada ya aya moja jina la Kiswahili hutoweka na herufi za Kiingereza ndizo hubaki. Msomaji hupewa jina katika lugha moja na kifupisho chake katika lugha nyingine, na kati ya vitu hivyo viwili hakuna herufi inayounganisha.

Tatizo hili lina uzito wake. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwezi Oktoba 2024, bima ya afya ya taifa ilipohamishwa kutoka NHIF na kuwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, mwananchi wa kijijini alilazimika kujua kifupisho kipya, SHA, ili atibiwe. Silabi hiyo inatamkika vizuri, lakini haimwambii chochote kuhusu mamlaka, afya wala jamii.

Je, Kiswahili kingeweza? Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi yaweza kutoa TUMAKU, umbo lenye silabi tatu wazi. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ni ngumu zaidi: mtu akichukua silabi za tume, huru na mipaka atapata TUHUMI, neno linalokaribia mno tuhuma, na hakuna tume ya uchaguzi inayolitaka jina hilo. Mifano hii miwili si mapendekezo bali ni vielelezo. Inaonyesha kwamba uundaji wa akronimu unahitaji mtu anayeijua lugha, anayejaribu silabi mdomoni, anayepima ngeli, na anayesikiliza ni neno gani jingine linaloitikia. Tanzania ilipobadili TAKURU kuwa TAKUKURU mwaka 2007, kwa kuongeza kupambana juu ya kuzuia rushwa, silabi moja iliyoongezwa ilitangaza jukumu lililoongezwa. Mwananchi aliyejua jina la zamani alilielewa jipya siku hiyo hiyo.

Hitimisho

Akronimu zisizo za kawaida zinaonyesha kwamba mfumo wa Kiswahili haupokei herufi tupu kwa muda mrefu. Huzipa silabi, kama katika CHAWAKAMA na BAKWATA. Huzipa ngeli, kama katika vikoba na WAVIU. Na huzipa maana, kama katika UKUTA, na hata katika mizaha ya FFU. Pale waundaji rasmi wanapofanya kazi hiyo mapema, umma hupata neno la kusaidia. Wanapoiacha, umma huifanya wenyewe, wakati mwingine kwa hekima ya kikoba, wakati mwingine kwa majigambo yaliyowafikisha watu kaburini.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, uwanja huu bado ni mpana. Upatanisho wa akronimu katika magazeti, ufasiri wa kimzaha katika vijiwe na vituo vya matatu, na uwezekano wa akronimu za Kiswahili kwa asasi za Kenya ni mada zinazosubiri utafiti. Herufi zipo tayari kila mahali, ukutani, katika simu, na kwenye kadi ya hospitali. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuuliza zinasema nini, na zinasema kwa lugha ya nani.